Lumbesa ya Maneno

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii ilitungwa kabla ya kuwako simu ya mkononi, lakini hapana methali iliyo karibu zaidi na biashara changa za zama hizi, zile ambazo huanzishwa na vijana wachache katika vyumba vya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Kampala, zikatafuta fedha kwa wawekezaji, kisha zikapeleka matangazo yao mpaka vijijini. Moja huuza mwanga wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Nyingine hukopesha kwa simu. Nyingine huahidi kumkutanisha mkulima na mnunuzi. Upya wao ni haki yao, na baadhi yao wana manufaa makubwa. Jambo la kuhojiwa ni moja: ikiwa chini ya unyemi pana kidonda, je, anayeuziwa ameambiwa hivyo kwa maneno anayoyajua?

Mtinko, katika mkoa wa Singida, ni mahali pafaapo kulipima jambo hili. Ni nchi ya alizeti, vitunguu, mtama na kuku. Watu wake wengi ni Wanyaturu. Mtoto huanza kusema Kinyaturu jikoni kwa mama yake, na Kiswahili hukikuta shuleni, hospitalini, katika nyumba za ibada na zaidi sokoni. Kwa wengi, basi, Kiswahili cha Mtinko si lugha ya kuzaliwa nayo bali ni lugha ya kukutania. Mtu hukitumia ili aeleweke na mgeni na amwelewe mgeni. Lugha ya namna hiyo haina anasa. Kila neno lina kazi, na neno lisilo na kazi huachwa njiani kama mzigo usio na mwenyewe.

Anayetaka kuisikia lugha hiyo katika ubora wake na aende mnadani. Muuzaji wa kuku huulizwa mambo matatu tu: ni nini hiki, ni kiasi gani, na kina kasoro gani. Mnunuzi humwinua kuku, humpuliza manyoya, humtazama jicho na kucha. Muuzaji akianza kusema kwamba kuku wake ni fursa ya kipekee ya kuinua ustawi wa kaya, watu watacheka, kisha watakwenda kwa jirani yake. Maneno mengi mnadani ni dalili ya ugonjwa wa kuku. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mkulima ye yote wa vitunguu hulijua vile vile neno lumbesa. Ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa wavu au kipande cha gunia jingine, likajazwa tena mpaka likaota kichwa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Mkulima hutoa gunia moja na zaidi. Wakala wa Vipimo huipiga vita desturi hiyo, kwa sababu ni unyang'anyi unaofanywa mchana, mbele ya macho ya mwenye mali, kwa jina la kipimo. Lakini iko lumbesa nyingine isiyokamatwa na mizani yo yote, nayo ni lumbesa ya maneno. Aina zake ni mbili. Katika ya kwanza maneno hurundikwa juu na bidhaa haionekani. Katika ya pili maneno ni machache na matamu, na mzigo umerundikwa chini, mahali ambapo msomaji hafiki mpaka amekwisha kutia sahihi. Zote mbili ni adui za mtu wa Mtinko, na zote mbili zina watetezi wenye elimu.

Aina ya kwanza si vigumu kuitambua. Msomaji na aifikirie sentensi ya namna hii: «Jukwaa jumuishi la kidijitali linalowawezesha wadau wa mnyororo wa thamani kuyafikia masuluhisho bunifu ya kifedha.» Maneno yote haya yamo katika kamusi au yanakaribia kuingia humo, na sarufi yake haina kosa. Walakini, mtu akiisoma mara tatu hatajua kama kampuni hii inakopesha, inanunua, inauza mbegu au inatoa mafunzo. Mkulima hakuitwa mkulima, aliitwa mdau. Kuuza alizeti hakukuitwa kuuza, kuliitwa mnyororo. Mkopo haukuitwa mkopo, uliitwa suluhisho, kana kwamba deni ni jibu na si swali. Katika sentensi nzima hapana mtu anayetenda jambo lo lote kwa mikono yake.

Sentensi hii imetoka wapi? Haikutoka Singida, wala haikutoka Pwani. Ilizaliwa kwa Kiingereza, katika ombi la fedha lililoandikwa kwa ajili ya mwekezaji au mfadhili. Kisha ikafasiriwa neno kwa neno, ikavikwa kanzu na kupelekwa kijijini. Hii ndiyo siri ya ubaya wake. Tangazo linamtazama mkulima machoni lakini linasema na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Huo si upungufu wa lugha peke yake. Ni upungufu wa adabu. Kumsemesha mtu kwa maneno yaliyokusudiwa kwa mwingine ni kumfanya mlango na si mgeni.

Ajabu zaidi ni kwamba mzigo huu unaokopwa kwa Waingereza ni ule ambao Waingereza wenyewe wameulaani. Mwaka 1946 George Orwell aliandika insha mashuhuri akiwashutumu wanasiasa na waandishi wa taifa lake kwa kuificha maana ndani ya maneno makubwa. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, kwa kuombwa na Hazina ya Uingereza, alitoa kitabu cha kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika maneno ya wazi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka ofisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha wanayoweza kuielewa. Basi wenye nguo wanaifua, na wakopaji wanaivaa ikiwa na uchafu wake.

Mtetezi wa kwanza wa lumbesa atasema kwamba jambo jipya halina maneno ya zamani, na kwamba teknolojia haiwezi kuelezwa kwa lugha ya mnadani. Historia ya Afrika Mashariki inamkanusha. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom zilianza kujaribu nchini Kenya mpango wa kulipa fedha kwa simu. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kupokea mikopo na kurudisha marejesho, na hesabu zake zilikuwa na mafundo mengi. Waliojaribiwa wakaonyesha wenyewe faida waliyoitaka: walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Waanzilishi walikuwa na busara ya kusikia. Mambo mengi yakaondolewa, na huduma ilipofunguliwa mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ujumbe wake kwa umma ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani, basi. Mwaka 2008 huduma hiyo ikaingia Tanzania kwa mkono wa Vodacom. Hapana aliyehitaji kufasiriwa. Kila mwenye ndugu mjini alijua maana ya kutuma, na kila mwenye mzazi kijijini alijua maana ya nyumbani.

Tena msomaji na ayatazame maneno ambayo kazi hiyo imeyapa uhai: wakala, salio, muamala, namba ya siri, kuweka, kutoa, makato. Mengi ni maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Wakala alikuwako katika biashara ya Pwani kabla ya umeme. Haya yalishika kwa sababu yalikuwa yamekwisha kukaa midomoni mwa watu. Hapana budi wanachuo wa Kiswahili waikubali sehemu yao ya lawama katika jambo hili, maana nao wamefuma magunia ya lumbesa. Walipotaka watu waseme ngamizi, watu walisema kompyuta. Walipotaka waseme rununu, watu walisema simu ya mkononi, na mara simu tu. Tovuti lilikubaliwa, kwa kuwa lilikuwa jepesi na lilihitajika. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi njema ya kusanifu istilahi. Lakini istilahi ni mbegu, na aaminiye mbegu kabla ya kuiona ikiota ni mkulima wa kwenye karatasi.

Mtetezi wa pili huja na hoja ya heshima. Husema kwamba lugha rahisi ni lugha ya watoto, na kwamba kampuni inayosema kama mchuuzi haitaaminiwa na watu wakubwa. Hoja hii inachanganya wepesi na upungufu. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, hakuwa maskini wa maneno, lakini nathari yake inafuatwa na msomaji wa darasa la juu la shule ya msingi kwa sababu kila sentensi yake inajua inakokwenda. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ikachapwa mwaka 1963, alithibitisha kwamba mambo mazito ya dola, urafiki na hiana yanabebeka katika Kiswahili. Ikiwa lugha hii inaweza kuubeba mwili wa Kaizari, haishindwi kuubeba mkopo wa shilingi elfu hamsini.

Wala si kweli kwamba maneno mepesi hayawezi kuendesha jambo kubwa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa redio na vikundi vya kujisomea, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Jina lake lilikuwa «Mtu ni Afya». Ni maneno matatu, na lililo refu kuliko yote lina herufi nne. Vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa wametoka kujifunza kusoma. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi na kufukia madimbwi. Lau kampeni hiyo ingeitwa mkakati shirikishi wa uhamasishaji wa tabia chanya za kiafya, vyoo vingechimbwa ndani ya ripoti.

Hoja hizi mbili, basi, si ngumu kuzijibu. Iko ya tatu, nayo ndiyo yenye meno, kwa kuwa haimshutumu aliye na lugha ngumu bali humgeukia anayesifu wepesi. Husema hivi: matapeli nao hutumia maneno mepesi. Na ni kweli. Hapana tangazo lililo wazi kuliko lile lisemalo «Pata mkopo sasa hivi, bila dhamana.» Ni maneno sita, Mnyaturu, Mgogo na Mswahili wa Tanga watayaelewa sawasawa. Lakini ndani ya mkopo huo pana riba inayohesabiwa kwa siku au kwa juma, pana gharama inayokatwa kabla fedha hazijamfikia mkopaji, na pana ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, wakwe zake, mwajiri wake na majirani zake hupelekewa habari kwamba yeye ni mdaiwa. Malalamiko ya namna hiyo yalienea mno Tanzania. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali chake, ikawaonya wananchi wasizitumie. Kukopa harusi, kulipa matanga: harusi ilitangazwa kwa herufi kubwa, na matanga yakaandikwa kwa herufi ndogo.

Hii ndiyo lumbesa ya aina ya pili, na ni mbaya kuliko ya kwanza. Tangazo gumu humfukuza mtu, naye hurudi nyumbani na fedha zake. Tangazo jepesi lenye uficho humkaribisha, kisha humfungia mlango. Kwa hiyo anayetetea lugha ya wazi asidhani kwamba kazi yake imekwisha akishafupisha sentensi na kufuta maneno ya kigeni. Ufupi si uwazi. Mwizi naye hunong'ona kwa maneno machache. Lugha ya wazi ni ile inayojibu maswali yote matatu ya mnadani, pamoja na lile la tatu ambalo muuzaji angependa lisahauliwe: kina kasoro gani? Tangazo linalojibu la kwanza kwa ufasaha, la pili kwa nusu na la tatu kwa kunyamaza si la wazi, hata kama mtoto wa miaka saba atalisoma bila kukwama.

Umma wenyewe umekwisha kuonyesha jinsi uwazi huo unavyosemwa. Mtu aliye Mtinko akimwomba ndugu yake wa Dar es Salaam fedha kwa simu, hasemi «nitumie elfu kumi» tu. Aghalabu husema «elfu kumi na ya kutolea». Maneno haya mafupi yanastahili kusomwa katika vyuo. Hakuyatunga mtaalamu wala hayakutoka katika tangazo. Waliyatunga watu waliokwisha kuumizwa na makato kwa wakala, wakaona kwamba jina la kiasi halitoshi mpaka bei ya kukipata itajwe ndani yake. Vivyo hivyo mikopo ya kikatili, ambayo wenye nayo huiita ya haraka, watu wameipa jina la «kausha damu». Wakopeshaji waliutaja mwanzo wa mkopo. Wakopaji wameutaja mwisho wake. Katika mashindano haya ya kutaja vitu majina, mshindi hakuwa yule aliyelipwa mshahara kwa kazi ya maneno.

Basi ni nini kinachopasa kudaiwa? Kwanza, kila kampuni inayokopesha au kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo iandike bei yote mahali pale pale inapoandika ahadi, na kwa herufi za ukubwa ule ule: mtu anapokea kiasi gani mkononi, atarudisha kiasi gani, lini, na akishindwa atafanywa nini. Mambo manne haya yanaenea katika mistari minne. Asemaye kwamba hayawezi kuandikwa kwa ufupi amekiri kwamba bidhaa yake haiwezi kuuzwa kwa haki. Pili, mkataba nao uwe katika Kiswahili. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutoa haki mahakamani. Ni aibu, ikiwa hakimu ametakiwa kuhukumu kwa Kiswahili, mkulima atakiwe kukubali deni kwa Kiingereza kwa kubonyeza kitufe.

Tatu, pawe na jaribio, na liwe la mdomo. Tangazo lisomwe kwa sauti mbele ya watu wazima wa kijiji, kisha msomaji anyamaze, nao waambiwe waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoahidiwa na walichodaiwa. Wakikosea, kosa ni la tangazo. Jaribio hili halihitaji fedha nyingi wala mashine. Lahitaji unyenyekevu tu, bidhaa ambayo ni adimu katika ofisi nyingi za matangazo. Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwafundishe wanafunzi wao kuandika mkataba, maelezo ya dawa na tangazo la bei kwa bidii ile ile wanayofundishwa kuchambua shairi. Wengi wao wataajiriwa kuandika mambo hayo. Mwanafunzi anayejua kuitaja tamathali lakini hajui kuandika tarehe ya mwisho ya deni ili mjane aielewe amepewa nusu ya elimu.

Watakuwako watakaosema kwamba masharti haya yatazinyonga biashara changa kabla hazijakomaa. Jibu lake limo katika mfano uliotangulia. M-Pesa haikunyongwa kwa kusema jambo moja jepesi na la kweli. Ilikua kwa ajili hiyo. Imani ya watu ni mtaji usioandikwa katika daftari la mwekezaji, na ukipotea kwa kampuni moja hupotea kwa jirani zake pia. Mkulima aliyekaushwa damu na programu ya kwanza hatafungua ya pili, hata kama ya pili ni ya mtu mwaminifu aliyeleta mbegu bora. Mwaminifu, basi, ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote katika lumbesa ya maneno, naye ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kuipinga.

Jioni mnada unapovunjika, wanunuzi hufunga mizigo na wakulima huhesabu fedha. Mkulima aliyeuza gunia halali anajua alichotoa na alichopata. Aliyeuza lumbesa anajua kwamba ameibiwa, ingawa kila kitu kilifanywa mbele ya macho yake na kwa ridhaa yake. Mwandishi wa tangazo anayekaa mbali, katika chumba chenye ubaridi wa mashine, hayuko mnadani wala hauoni uso huo. Lakini kalamu yake iko pale, nayo ni sindano iliyoshona kichwa cha gunia. Kabla hajaituma sentensi yake Mtinko, na aipime kwa kipimo ambacho angependa apimiwe mama yake mzazi.